Anasikia, lakini maneno yanamfikia yamevurugika

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Nakusoma kila wiki, leo ndiyo nimepata moyo wa kuandika. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga, nauza vitafunio asubuhi na jioni. Shida yangu ni huyu wa pili, mvulana wa miaka 9, yuko darasa la tatu.

Ukimwita akiwa anacheza anageuka, kwa hiyo si kiziwi. Lakini ukimwambia jambo, jibu lake la kwanza ni "Eeh?" Unarudia, "Eeh?" Mara ya tatu ndiyo anaondoka, na anachorudi nacho sicho. Juzi nilimtuma nikamwambia: "Kachukue nazi mbili, binzari na kiberiti, halafu pita kwa Mama Rehema umwambie nitamletea sahani zake kesho." Akarudi na kiberiti tu. Kwa Mama Rehema alipita kweli, ila alimwambia, "Mama anasema umletee sahani zake kesho." Jirani alikuja mpaka mlangoni kuniuliza anadaiwa sahani gani.

Shuleni ndiko kunakoniumiza. Darasani kwao wako watoto 87, na yeye anakaa nyuma karibu na dirisha la barabarani. Nimeona daftari lake la imla. Mwalimu alisoma "Babu anafunga banda la bata," yeye kaandika "Papu anavunga panda la pata." Hesabu za ubaoni anapata, hesabu za kusomewa hapati hata moja. Muhula huu amechapwa mara tatu kwa ajili ya imla. Mwalimu wake anasema ana kichwa kigumu, na leo anajua neno kesho hajui, kwa hiyo anafanya uzembe. Siku hizi kila Jumatano tumbo linamuuma. Jumatano ndiyo siku ya imla.

Nimempeleka hospitali. Walimvalisha vile vya masikioni, akawa ananyoosha mkono kila akisikia mlio, wakasema masikio yake mazima kabisa. Baba yake aliposikia hivyo akasema basi ni jeuri tu. Tangu siku ile jioni anamkalisha mezani na daftari, na mkanda uko pembeni. Mama mkwe anasema masikio yameziba, kila Ijumaa anamtilia mafuta ya nazi ya uvuguvugu, na ameshaanza kutaja mganga. Wifi yangu aliye Dar anashauri tumhamishie shule ya Kiingereza. Na kuna mtu amenitumia kwenye simu tangazo la programu ya kompyuta ya kuufundisha ubongo kusikia, miezi mitatu, bei yake inazidi mtaji wangu wote.

Kinachonichanganya zaidi ni hiki: madrasa anafanya vizuri. Ustadhi wake anasema ni katika wanaohifadhi haraka. Kama anaweza kushika sura nzima kule, iweje shuleni ashindwe kuandika "bata"? Baba yake anasema huo ndio ushahidi kwamba anafanya makusudi.

Na ana mikono, Mwalimu. Alifungua feni iliyokufa, akaifunga tena, ikazunguka. Lakini wiki iliyopita nilimkuta nyuma ya nyumba amekaa peke yake anajisemea, "Mimi mjinga." Ni ugonjwa wa ubongo? Kuna dawa? Nimekosea wapi?

Mama wa Watatu, Tanga


JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu najua ndilo linalokunyima usingizi: hujakosea popote. Ulimpeleka hospitali, umelifungua daftari lake ukalisoma kweli, umeona Jumatano na tumbo lake. Wazazi wengi huishia kwenye alama tu.

Mtoto hapimwi kwa barua, na sitakupa jina la shida yake. Lakini uliyoyaandika yanaenda pamoja kwa namna ambayo mtu aliyekaa na watoto wadogo anaitambua. Huyu mtoto anasikia. Sauti inaingia. Shida, kwa nionavyo, ni kile ubongo unachokifanya na sauti baada ya kuingia.

Pale hospitali walimpima mlio: tiii, tiii, ndani ya chumba kimya, kila mlio peke yake. Kipimo hicho ni cha lazima na nafurahi umekifanya. Kinaeleza kama sikio linaipokea sauti hata ikiwa ndogo. Hakielezi kinachotokea mwalimu anaposema "banda" huku wenzake 86 wanavuta madawati na bodaboda inapita dirishani. Sikio ni mlango tu. Sauti ikishapiga kiwambo cha sikio na kutikisa vile vifupa vitatu vidogo, inaingia kwenye kifuko chenye umbo la konokono, hapo inageuzwa kuwa umeme wa neva. Umeme huo unapanda kwenye shina la ubongo, pale shingo inapokutana na kichwa, unapita vituo kadhaa, mpaka kwenye gamba la ubongo upande wa masikio. Njiani ubongo unachambua: hii sauti ya mwalimu, ile ya pikipiki, hii b, ile p.

Na kazi hiyo ni ya haraka mno. Weka vidole kooni useme "vvvua", kisha "fffua". Kwenye vua koo linanguruma tangu mwanzo, kwenye fua linanyamaza kwanza. Mdomo umekaa vilevile, tofauti ni huo mngurumo tu. Ndivyo ilivyo kwa b na p: ukisema b koo linanguruma kabla midomo haijaachana, ukisema p linasubiri. Kutoka kwenye b kuingia kwenye a ya "ba", sauti hugeuka ndani ya milisekunde kama 40. Gawa sekunde moja vipande 25, uchukue kipande kimoja. Ndicho kipimo cha muda ambao ubongo wa mwanao unapewa kuamua kama kasikia bata au data. Ubongo unaopokea kwa usahihi hauhangaiki. Unaochelewa kidogo tu, au unaotetereka, unabaki na sauti yenye ukungu, na mtoto anabahatisha.

Sasa litazame tena lile daftari. "Papu anavunga panda la pata." Mtoto asiyesikiliza huacha maneno au huandika ovyo. Huyu kaandika sentensi nzima, kila neno mahali pake, idadi ya silabi ileile, irabu zote sahihi. Penye b kaweka p, penye f kaweka v. Makosa yake yote yako kwenye ule mngurumo wa koo, hakuna lingine. Alikuwa anasikiliza kwa nguvu zake zote, mwanangu.

Haya hayakuanzia Tanga. Mwaka 1996 Nina Kraus wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti kwenye jarida la Science kuhusu watoto wenye matatizo ya kujifunza. Waliwabandika vipokezi vya umeme kichwani, wakawachezea silabi zinazofanana, "da" na "ga", huku watoto wakitazama filamu bila kutakiwa kusikiliza chochote. Silabi ikibadilika, ubongo wa kawaida hushtuka wenyewe. Kwa watoto waliokuwa wakishindwa kutofautisha silabi hizo, mshtuko huo ulikuwa hafifu. Msomee baba yake hapo. Mtoto anatazama filamu, hajaambiwa ajitahidi wala asijitahidi, na bado ubongo wake haukamati tofauti. Ujeuri utaingilia wapi?

Maabara hiyohiyo iliendelea miaka mingi, ikashuka mpaka kwenye shina la ubongo. Katika watoto wenye matatizo ya kujifunza yanayohusu lugha, karibu theluthi moja walionekana na hitilafu ya muda pale sauti ya usemi inapopita. Si wote, na hilo lina uzito, nitalirudia. Mwaka 2013 walionyesha jambo jingine lililonigusa sana. Ukimchezea msomaji mzuri silabi moja mara nyingi, ubongo wake hujibu karibu vilevile kila mara. Kwa watoto wanaosoma kwa shida, majibu yalikuwa yanayumba: silabi ni ileile, jibu la sasa na la baadaye tofauti. Mwalimu wake anasema leo anajua neno, kesho hajui, kwa hiyo ni mzembe. Mimi nikisoma hivyo namwona mtoto ambaye neno lilelile linamfikia kila siku na sura nyingine.

Nililijua hili nimechelewa. Nimefundisha madarasa ya mwanzo miaka 31, na katika miaka ya kwanza nilikuwa na mtoto aliyeandika "jana" kila niliposoma "chana". Nilimwandikisha neno hilo mistari mingi, na siku moja nilimchapa. Alikuwa ananitazama mdomoni kila nilipofundisha, sikujiuliza kwa nini. Mtoto anayekutazama mdomoni anatafuta kwa macho kile ambacho masikio hayamletei. Angalia kama wako anafanya hivyo.

Tuje madrasa, maana hapo ndipo baba yake alipojenga kesi. Niulizie mambo machache: wako watoto wangapi? Wanakaa umbali gani na ustadhi? Neno moja linarudiwa mara ngapi? Naweza kukisia. Kikundi kidogo, mkekani, ustadhi hatua moja mbele yao. Anasoma aya taratibu, kwa mahadhi, kila sauti ikivutwa kwa kipimo chake, wao wanaitikia, anarudia tena na tena, na mtoto akikosea anarekebishwa papo hapo akiwa anamtazama. Hakuna anayemwambia aandike kwa kasi jambo alilolisikia mara moja. Kama mtu angeniomba nimtengenezee mwanao darasa linalomfaa, ningetengeneza hilohilo. Kwa hiyo madrasa inathibitisha kinyume cha anachosema mume wako. Sauti ikimfikia karibu, safi, polepole na kwa kurudiwa, mtoto anashika. Na kumbukumbu yake ni nzuri, tushukuru.

Hata ile ya sahani naielewa. Kiswahili chetu kinabeba mambo makubwa kwenye vipande vidogo sana. Nitamletea, ataniletea, umletee: nani anampa nani, lini, yote yamo kwenye silabi za mwanzo, na silabi hizo hatuzikazii sauti, tunakazia ile ya pili kutoka mwisho. Mtoto mwenye ukungu masikioni anakamata "lete", "sahani" na "kesho", zilizobaki anajazia mwenyewe. Alimpelekea Mama Rehema ujumbe kamili kwa kadiri ulivyomfikia. Na ulimpa mambo manne kwa pumzi moja, huku pengine jiko linanguruma na mafuta yanachemka. Kilichobaki mkononi ni cha mwisho kwenye orodha ya dukani, kiberiti.

Umeuliza kama ni ugonjwa wa ubongo. Hapana, kwa maana unayoiogopa wewe: ubongo wake hauozi, wala hauharibiki siku hadi siku. Umeuliza dawa. Hakuna kidonge cha kuchambua sauti. Kuhusu jina, utasikia watu wakisema "tatizo la uchakataji wa sauti", wengine watasema disleksia, yaani shida ya kusoma na kuandika, wengine upungufu wa umakini. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana kama la kwanza ni tatizo linalojitegemea au ni uso mwingine wa matatizo ya lugha na umakini. Kitabu cha Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilichotoka 2013, kinachotumika sehemu nyingi duniani kutaja matatizo ya watoto, hakikuliweka kama ugonjwa wake peke yake. Ndiyo maana nilikwambia theluthi. Watoto wengi wanaosoma kwa shida, sauti inawafika vizuri, tatizo liko kwingine. Kwa hiyo usiking'ang'anie kibandiko. Tafuta mtu wa kumpima vizuri, na wakati unatafuta, badilisha namna sauti inavyomfikia. Hilo halihitaji jina wala hela.

Kupima kwanza. Rudi hospitali ya mkoa uulize jambo moja mahususi: je, walipima kama kuna majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio? Kipimo kinaitwa timpanometri, hakiumi, ni dakika chache. Majimaji hayo huja na kuondoka, mara nyingi bila maumivu, na mtoto anaweza kupimwa siku ambayo yamekauka. Wakikosa kifaa, omba rufaa kwenye hospitali yenye kitengo kamili cha masikio, pua na koo. Kwa ninyi wa Tanga, inaweza kuwa hospitali ya KCMC ya Moshi au Muhimbili ya Dar. Waeleze pia kuhusu usemi, kama alichelewa kuongea, na kama utotoni aliumwa sana masikio. Vipimo vya namna ubongo unavyochambua sauti kwa kawaida havifanywi kabla ya miaka 7, kwani kwa wadogo zaidi majibu hayatulii, kwa hiyo miaka 9 hujachelewa.

Halafu nenda kwa Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri yenu, uombe mtoto apimwe uwezo wa kujifunza. Nenda na lile daftari la imla. Wanaangalia kusoma, lugha na umakini, si masikio tu. Watakuuliza pia nyumbani mnaongea lugha gani. Ni swali la haki: mtoto aliyekua na lugha isiyotenganisha r na l atazichanganya kwa Kiswahili, na hiyo si hitilafu yoyote, ni lafudhi.

Mafuta ya nazi, simamisha Ijumaa hii. Mwambie bibi yake kwa heshima zote kwamba madaktari wanakataza, na mimi naungana nao: kiwambo kikiwa na tundu dogo, mafuta yanaingia ndani na uchafu, na hapo utampata na ugonjwa ambao hakuwa nao. Muombe badala yake kazi nyingine, nitaitaja.

Shuleni, usiende kumlaumu mwalimu. Mwenye watoto 87 amebeba mzigo ambao hakuuomba. Nenda na maombi yasiyomchukulia muda. La kwanza na kubwa: mtoto ahamie mbele, mbali na dirisha, mahali anapouona uso wa mwalimu. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kati ya mtoto aliye mita 1 na aliye mita 8, mwalimu ameshapoteza 18. Kelele za dirishani hazipungui, ziko palepale karibu naye. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kelele za ndani ya darasa zisizidi desibeli 35 wakati wa kufundisha. Chini ya bati, mvua ikinyesha, hata mimi mzima sisikii. Dawati la mbele ndiyo dawa ya kwanza ya mwanao.

Jingine, maneno mapya yaandikwe ubaoni hata pembeni tu. Ulisema hesabu za ubaoni anapata, kwa hiyo macho yake yanafanya kazi nzuri, tuyape nafasi. Na imla, kwa muda, afanyiwe maneno matano tu karibu na meza ya mwalimu, akimtazama. Nchi zenye uwezo humvalisha mwalimu kipaza sauti kidogo na mtoto kipokezi sikioni. Katika utafiti uliotoka 2012, watoto wenye disleksia waliotumia vifaa hivyo mwaka mzima darasani walisoma vizuri zaidi, na majibu ya ubongo wao kwa sauti yalitulia. Vifaa hivyo ni ghali, sikushauri uvikimbilie. Nimekitaja ili ujue kilichowasaidia ni nini: sauti ya mwalimu kufika karibu na safi, kila siku, kwa muda mrefu.

Kuhusu fimbo, mwalimu mkuu anazijua Kanuni za Adhabu ya Viboko za 2002. Adhabu hiyo ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, inatolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, haizidi viboko vinne, na inaandikwa kwenye daftari lake. Kukosea b na p hakumo. Sema kwa upole, lakini sema. Mtoto mwenye hofu anasikia kidogo zaidi, na wewe unaiona Jumatano tumboni mwake.

Nyumbani sasa, hapa ndipo wewe una nguvu. Usiongee naye ukiwa chumba kingine. Mfuate, mguse bega, akutazame, ndipo useme. Jambo moja, pumua, la pili. Usipaze sauti: tukipaza, tunavuta irabu, konsonanti zinamezwa, na konsonanti ndizo anazozikosa. Sema taratibu kidogo na kwa uwazi. Kisha usimuulize "umesikia?" kwani atasema ndiyo, watoto wa namna hii wamezoea kusema ndiyo ili waachwe. Muulize, "Nimekutuma nini?" Akirudia nusu, mpe nusu iliyobaki bila kukunja uso. Zima redio wakati wa daftari.

Kila jioni dakika 10, si zaidi, mcheze na maneno pacha. Pasi na basi, kamba na gamba, fua na vua, chana na jana, panda na banda. Kwanza aone mdomo wako na ashike koo lake, ahisi mngurumo kwa vidole. Mpe karatasi mbili zenye picha, pasi na basi, useme moja, anyooshe kidole. Akipatia bila kusita siku kadhaa, ziba mdomo kwa kanga ategemee masikio. Akipatia na hapo, ndipo aandike. Apige makofi kwa silabi, ba-nda, li-me-fu-ngwa; muulize ukitoa "ba" kwenye "bata" kinabaki nini. Hii ya kuchezea silabi na sauti, ikiambatana na herufi zenyewe, ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko zote kwa watoto wanaosoma kwa shida, na Kiswahili kinatusaidia kwa sababu herufi zetu hazina hila.

Na hapo ndipo kwenye kazi ya bibi: vitendawili, hadithi, na mashairi ya kuimba, mtoto akiwa mapajani au mbele yake. Atafurahi kuliko kutia mafuta. Kama kuna kaswida au ngoma mtaani, mwache aingie. Huko Los Angeles, watoto wa familia za kipato kidogo waliofundishwa muziki walifuatiliwa, na matokeo yalitoka 2014: ubongo wao ulianza kutofautisha silabi vizuri zaidi baada ya miaka miwili ya mafunzo. Mwaka mmoja haukutosha. Usitegemee muujiza wa Ramadhani moja.

Programu ya kompyuta, achana nayo, mtaji wako ubaki kwenye maandazi. Wazo lake si la kitapeli; lilitokana na kazi ya Paula Tallal tangu miaka ya 1970 kuhusu sauti za haraka, na mwaka 1996 lilipewa matumaini makubwa. Lakini mwaka 2011 watafiti walipokusanya majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu kuhusu programu maarufu ya aina hiyo, hawakuona ushahidi kwamba inasaidia kusoma wala lugha ya watoto hao. Shule ya Kiingereza nayo, sasa hivi hapana. Mtoto anayehangaika na sauti za lugha aliyozaliwa nayo, unampa lugha yenye irabu nyingi zaidi na maandishi yasiyofuata matamshi? Asimame kwanza hapa.

Baba yake, natamani asome mwenyewe aya hii. Shemeji, najua mkanda ule unauweka kwa kuogopa kesho yake, si kwa kumchukia. Lakini jioni moja fanya hivi: weka simu yako ipige taarabu kwa sauti kubwa sikioni, mkeo asimame mlango wa uani akusomee imla ya sentensi tano, uandike. Halafu weka daftari lako kando ya lake. Ukishamaliza, mpe mtoto hiyo feni yake aifungue tena, ukae naye akuonyeshe nini kinaenda wapi.

Na wewe, mama yake, ule ujinga aliojitamkia nyuma ya nyumba usiuache ukae. Mwambie leo, kwa maneno mepesi: "Masikio yako mazima na akili yako nzima. Sauti zinakufikia zimechanganyika, ndiyo maana unachoka. Mimi nilikuwa sijui, sasa najua, tutazichambua pamoja." Kisha kesho ukimtuma dukani, chukua kipande cha karatasi umchoree nazi mbili, rundo la binzari na kiberiti. Ujumbe wa Mama Rehema uandike kwa herufi kubwa chini yake: NITAKULETEA SAHANI ZAKO KESHO. Amsomee mwenyewe pale mlangoni, kwa sauti.

Niandikie muhula ukiisha, na uninukulie imla yake ya mwisho kama ilivyo, na makosa yake yote.

Mwalimu